Mliomba Mkatiwe Bima (sehemu ya sita)

Wiki iliyopita mliniacha kwenye dirisha la mapokezi la hospitali, kadi ya bima mkononi, mume wangu nyuma yangu kwenye kiti cha magurudumu, na yule dada wa kompyuta akiniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

"Mama, kadi yako haijaharibika. Imefungwa."

Kama ndiyo kwanza unanisoma, nikupe kwa kifupi. Mimi ni mpiga pasi katika kiwanda cha dobi. Tuko watu mia na arobaini, tunafua mashuka ya mahoteli na mahospitali. Mume wangu alikuwa dereva wa lori mpaka figo zilipomgomea, na sasa anasafishwa damu kwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa kadi yangu mimi. Mwaka huu mchango wa bima umepanda mara mbili. Watu walilalamika, chama cha wafanyakazi kikaamua kumwandikia mwajiri barua ya kudai abebe mchango wote yeye. Katibu wa tawi ni mimi. Barua niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu huu.

Haya, tuendelee.

"Imefungwa na nani?" nikamuuliza yule dada.

"Na mwajiri wako. Tangu jana, tarehe mosi. Wewe na wategemezi wako."

"Haiwezekani. Mimi nakatwa kila mwezi!"

Akasogeza uso kwenye kompyuta. "Mwezi huu hujakatwa, mama."

Nikauliza bei ya kulipa taslimu kwa siku hiyo moja. Akaitaja. Ilikuwa karibu mshahara wangu wote wa mwezi, na bado kulikuwa na Jumamosi, na Jumanne, na Alhamisi nyingine. Mume wangu akanivuta nguo kwa nyuma.

"Twende nyumbani," akasema. "Usibishane na mtoto wa watu, hana kosa."

Nesi wa chumba cha mashine alitufuata mpaka mlangoni. Ananijua, ni miaka mitatu sasa.

"Sikufichi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Leo akikosa atavumilia. Jumamosi akikosa, maji yatampanda kwenye mapafu. Fanya ufanyalo, Jumamosi aje."

Nikamrudisha nyumbani, nikamkalisha kwenye kochi, miguu juu ya stuli kwa sababu ilishaanza kuvimba. Halafu nikaenda kiwandani. Sikuvaa hata sare.

Meneja utumishi wetu tunamwita Taratibu. Kila ukimwendea na shida anakujibu, "Utaratibu ni utaratibu." Nilimkuta ofisini na mwenyekiti wetu wa tawi, ambaye naye tunamwita Mhuri, kwa kuwa mhuri wa chama anatembea nao kwenye mfuko wa shati kama kalamu.

"Karibu, katibu," akasema Taratibu. "Keti."

"Sikuja kukaa. Nani kafunga kadi za watu?"

"Nyinyi."

"Sisi akina nani?"

Akavuta droo, akatoa barua yangu. Ilikuwa ndani ya plastiki, safi, haina hata mkunjo.

"Mwandiko ni wako huu?"

"Ni wangu."

"Soma hapo chini. Kwa sauti, na mwenyekiti asikie."

Nikasoma. "Tawi linadai makato haya yakome mara moja, na wafanyakazi wote pamoja na wategemezi wao wakatiwe bima na mwajiri bila kuchelewa."

"Vizuri," akasema. "Makato yamekoma. Angalia karatasi yako ya mshahara. Na bima mmekatiwa, bila kuchelewa. Mmedai mawili, nimewapa mawili. Mnataka nini tena?"

Kwa muda sikumwelewa. Nilidhani ananitania. Mhuri alinielewesha kwa jinsi alivyoinamisha kichwa.

"We meneja, una akili timamu?" nikamwambia. "Kukata bima ni kununua bima! Kila mtu anajua. Gari lako lile pale nje hujalikatia bima?"

"Nimelikatia."

"Basi!"

"Jirani yangu naye halipi bili. Watu wa maji wamemkatia nini?"

Nikaangalia lile gari lake pale nje.

"Wamemkatia maji," akajijibu. "Ana maji au hana? Na mimi sasa hivi nikikukatia simu, nimekununulia simu?"

Mhuri akakohoa. "Na mtu akikukatia tiketi je, meneja? Si unasafiri?"

"Mngeandika tiketi."

"Lakini unajua tulichomaanisha," nikasema. "Unajua kabisa. Umekaa na sisi vikao viwili juu ya jambo hili hili!"

"Vikao ni maneno. Mimi ofisi yangu inafanya kazi na maandishi, na hapa kuna maandishi, tena yana mhuri. Mwenyekiti, hukusoma kabla ya kugonga?"

"Mimi kazi yangu ni kugonga," akasema Mhuri. "Kusoma ni kazi ya katibu."

Ningekuwa na pasi mkononi, wallahi ningempiga nayo.

Taratibu akairudisha barua kwenye droo. "Kama mmebadili mawazo, andikeni barua nyingine. Itajibiwa ndani ya siku thelathini. Utaratibu ni utaratibu."

Siku thelathini, na mume wangu alikuwa na siku mbili.

Sasa hapa nitubu, maana hadithi hii nilianza kuiandika ili nitubu. Lile neno mtu alinionya. Na aliyenionya ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye yuko kiwanda hicho hicho, kitengo cha kuchambua mashuka machafu. Nilimsomea barua kabla sijaipeleka, nikitaka anisifu.

"Wifi," alisema, "hapo pa wakatiwe pananichanganya. Andika walipiwe. Walipiwe halina mjadala."

Nilitaka lugha ya ofisini, mimi. Walipiwe niliona ni neno la ombaomba. Nikamjibu, mbele za watu, "Wewe wa kuchambua mashuka ya wagonjwa ndiye unifundishe mimi Kiswahili?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alivaa glavu zake akarudi kazini. Na mimi nikaenda zangu kwa Mhuri, kichwa juu.

Kwa hiyo nilipotoka ofisini kwa Taratibu nilijua nani ananisubiri.

Alikuwa amesimama katikati ya njia, kati ya mashine za kukausha na pasi kubwa ya mvuke, glavu mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake watu kama thelathini. Habari zilikuwa zimeshafika. Mama mmoja wa kukunja mataulo alikuwa amenyimwa dawa za sukari za mama yake asubuhi hiyo. Mwingine, wa kusukuma matoroli, binti yake ana mimba ya miezi minane, ameambiwa kliniki ni kwa pesa mkononi.

"Kaka yangu kasafishwa damu leo?" wifi akaniuliza.

Nikajaribu kumpita pembeni.

"Nakuuliza wewe, mtaalamu wa Kiswahili. Kasafishwa?"

"Hajasafishwa."

"Nilikwambia!" Alipiga kelele mpaka aliyekuwa kwenye pasi akazima mashine. "Nilikwambia neno lile lina pande mbili! Ukanitukana! Ukaniita mchambua mashuka!"

"Sikukutukana, wifi. Nilisema tu…"

"Ulisema! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe guu lako zima. Limevunjika la kaka yangu!"

"Na yeye ni mume wangu! Unadhani mimi nimefurahi?"

"Ungekuwa na huruma naye ungeandika walipiwe!"

Mama wa mataulo akadakia, "Mwacheni kwanza atuambie, meneja kasemaje?"

Nikawaambia. Nilipofika kwenye siku thelathini, mtu mmoja nyuma akatukana tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Wengine wakasema ya moyoni. "Alijitia msomi." "Kalamu imempa kiburi." "Labda alinunuliwa huyu." Hilo la kununuliwa lilinichoma kuliko yote, maana Alhamisi ile halikuwa kweli.

Saa ya chakula tukafanya mkutano wa dharura pale pale kwenye matoroli, wengine wamekaa juu ya mafurushi ya mashuka. Mhuri akafungua kikao kwa kusema kosa ni la kiuandishi na katibu ndiye mwandishi.

"Na mhuri uliugonga na mguu?" nikamuuliza.

"Nilikuamini wewe."

"Basi tuondoke wote wawili."

"Uchaguzi wa mwenyekiti una katiba yake," akasema haraka. "Wa katibu mkutano unaweza."

Wakanitoa. Mikono iliyonyooshwa sikuihesabu, niliangalia chini. Halafu mama wa mataulo akasimama, akampendekeza wifi yangu awe katibu, na mikono ikapanda tena, mingi kuliko ya kwanza.

Wifi hakuringa. Alivua glavu akasimama juu ya furushi.

"Mimi barua nzuri siwezi," akasema. "Naandika ninavyosema. Fungueni kadi, tulipieni bima, na msipofanya hivyo kesho saa nane mchana mashine zote zinazimwa na mashuka yenu yataoza hapa. Kuna mtu ana swali kuhusu neno lolote?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Walipiga makofi, na mimi nikapiga. Moyoni nilikuwa nahesabu: Ijumaa mgomo, Jumamosi mashine ya figo. Je, Taratibu atavunjika ndani ya siku moja? Namjua mtu yule. Asingevunjika ndani ya wiki.

Jioni wifi akaja nyumbani, hodi hakupiga. Akapita moja kwa moja mpaka kwa kaka yake, akapiga magoti, akamminya kifundo cha mguu kwa kidole. Kidole kikaacha shimo.

"Unapumuaje?"

"Kwa pua," akasema mume wangu. "Wewe je?"

"Usinifanyie mzaha."

"Dada, huyu tangu arudi kazini ananililia. Wewe ukianza nitakunywa maji ya jagi zima nife kwa raha zangu."

Anaruhusiwa glasi moja na nusu ya maji kwa siku. Utani wake wote ulikuwa wa maji.

Wifi akanigeukia. "Sikiliza. Mimi nimembeba huyu mgongoni kabla hujajua kama amezaliwa. Akifa, usije msibani. Nakwambia mapema ili usishone nguo."

"Hapa ni kwangu," nikamwambia. "Toka."

"Ni kwa kaka yangu."

"Toka, wifi, kabla sijasahau kuwa wewe ni mkubwa!"

"Nyamazeni wote wawili!" Mume wangu alipaza sauti, halafu ikambidi ashike kochi mpaka pumzi irudi. Alipoweza kusema tena, alisema polepole. "Mimi bado nipo. Mkitaka kugawana maiti ngojeni ipatikane. Dada, kesho mnagoma?"

"Tunagoma."

"Vizuri. Gomeni kweli. Msikubali vya mlango wa nyuma."

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ikaita. Taratibu. Akaniomba nipite ofisini, peke yangu, tena kwa mlango wa stoo. Jamani, hapo ningekata simu. Badala yake nilikwenda.

Safari hii nilikaa. Alinisogezea karatasi iliyochapwa.

Iliandikwa kwamba mimi, katibu wa tawi wakati barua inaandikwa, nathibitisha kuwa wafanyakazi kwa hiari yao waliomba bima yao isitishwe ili waepuke makato, na kwamba madai ya sasa ya chama ni ya uongo.

"Mimi si katibu tena," nikamwambia.

"Ulikuwa katibu siku unaandika. Inatosha."

"Na nikisaini?"

Akageuza kompyuta yake nione. Jina langu lilikuwa pale, na la mume wangu chini yake, na alama nyekundu pembeni.

"Nabonyeza hapa, yanakuwa ya kijani. Leo hii. Kesho mzee anatibiwa."

"Na wenzangu?"

"Wenzako wana chama chao. Wamekutoa, au nimesikia vibaya?"

Nikasimama. Nilimwita jina, tena jina baya, nikatoka. Msinipongeze, ngojeni kwanza.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilimkuta amelala nusu kuketi, mito mitatu mgongoni, maana akilala chini alikuwa anakosa pumzi. Nikamweleza yote. Nilitaka aniambie saini. Naapa hilo ndilo nililolitaka, anibebee yeye mzigo.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Binti wa yule mama wa kusukuma matoroli anajifungua lini?" akauliza.

"Mwezi ujao."

"Na yule wa mataulo, mama yake yuko kwenye sindano za sukari?"

"Ndiyo."

"Basi jibu unalo. Ukisaini hiyo karatasi, hao hawana kesi tena. Mimi sitaki kupona juu ya migongo ya watu."

"Na mimi je?" nikamlilia. "Mimi nibaki na nini? Na hao watu? Jana wamesema nimenunuliwa!"

"Usilifanye liwe kweli, basi."

"Utakufa!"

"Labda. Lakini usinifanye mimi kisingizio. Kadi ikifunguliwa ya wote, nipeleke, hata kwa toroli nitapanda. Ikifunguliwa yangu peke yangu, siweki mkono wangu kwenye ile mashine. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nikampa funda la maji, nikamwambia naenda kwenye mgomo.

Na mgomo nilikwenda. Nilipitia mlango wa stoo kwanza. Ilikuwa saa saba na nusu. Taratibu alinipa kalamu, maana yangu sikuwa nayo. Nilisaini mara tatu, nakala tatu. Alipobonyeza, akageuza tena kompyuta nione. Kijani.

"Umefanya la maana," akasema.

"Nyamaza," nikamwambia. "Usiniongeleshe maisha yako yote."

Saa nane kamili mashine zikazimwa, moja baada ya nyingine, ya mwisho ni pasi yangu, niliizima mwenyewe. Miaka kumi na moja sijawahi kusikia kiwanda kile kikiwa kimya. Watu walishikana mikono. Mama wa mataulo akanishika mkono mimi, akaniomba radhi kwa yale ya jana. Nikamwambia yameisha. Kadi yangu ya kijani iko kwenye mfuko wa sketi, naye mama yake hana dawa, na mimi namwambia yameisha.

Wifi alikuwa juu ya furushi, anapanga zamu za kulinda geti. Hakuniangalia.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Wamefungua."

Akafumbua macho. "Zote?"

"Zote."

"Kwa mgomo wa saa tatu?"

"Mashuka ya hospitali yalikuwa yanawasubiri. Wameogopa."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akanishika mkono. "Unaona? Ungesaini ule upuuzi ungejisikiaje leo?"

Nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili asinisikie.

Jumamosi saa nne kasoro tukawa hospitali. Kadi ikasoma. Yule dada wa mapokezi akafurahi kama yake. Nesi akamsukuma mume wangu haraka, akampima uzito, akatikisa kichwa, akamlaza kwenye kiti kile cha kuegemea karibu na mashine. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa kumi. Midomo ilishaanza kubadilika rangi.

"Mmekuja dakika ya mwisho," nesi akaniambia. "Mngechelewa saa mbili zaidi, ningekuwa nakwambia mengine."

Akaifunga ile mipira ya mashine ya kupitisha damu, akamsafisha mkono kwa dawa, akachukua sindano.

Mlango ukafunguliwa, akaingia wifi.

Alitoka kwenye kikao na menejimenti, walianza saa mbili asubuhi. Bado alikuwa na kitambaa chekundu cha mgomo mkononi. Na mkono wa pili ulikuwa na karatasi iliyotolewa kule kikaoni. Sikuhitaji kuisoma. Niliona saini yangu kutoka pale nilipokuwa, ile herufi ya mwisho ninayoivuta mkia.

Alikuja kunimaliza, hilo lilikuwa wazi usoni. Hatua nne alikuwa mbele yangu.

"Wewe mwanamke," akaanza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele zake zote. "Wewe mwana…"

"Dada!" mume wangu akaita.

Wifi akageuka. Nadhani ndipo alipomwona. Alikuwa hajamwona tangu Alhamisi, na siku mbili kwa mgonjwa wa figo ni nyingi. Uso wa mume wangu ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijistari viwili. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Hongera, katibu," akamwambia dada yake. "Saa tatu tu za mgomo na kadi za watu wote zimefunguka. Sisi tuligoma wiki mbili enzi zetu tukapata sabuni."

Wifi akasimama. Akaniangalia mimi. Akaiangalia ile karatasi.

"Kadi za watu wote?" akasema.

Ni hivyo tu alivyosema, lakini mume wangu hakuwa mjinga hata akiwa mgonjwa. Tabasamu likamwondoka. Akaangalia kitambaa chekundu mkononi mwa dada yake. Mtu aliyeshinda mgomo jana hana sababu ya kukivaa leo.

"Nesi, subiri kidogo," akasema.

"Baba, hatuna kidogo."

"Subiri." Akaufunika mkono wake kwa kiganja cha mkono wa pili, pale pale sindano ilipokuwa iingie. Akanitazama. "Zimefunguliwa zote?"

"Zote," nikasema. Nilimwangalia machoni nikasema. "Mungu shahidi."

Ndiyo, na Mungu nilimwingiza.

"Wewe nimeshakusikia," akasema. Pumzi ilimkata, akangoja irudi. "Dada. Wewe hujawahi kunidanganya tangu nina meno ya utoto. Zimefunguliwa za watu wote, au yangu peke yangu?"

Nesi alishika sindano hewani. Mashine ilikuwa inalia tii, tii, inasubiri mtu.

Miaka ishirini ya ndoa sijawahi kumwomba wifi yangu kitu, hata chumvi. Pale nilimwomba. Sikutoa sauti, midomo tu. Nilisema, wifi, tafadhali. Akiniumbua, kaka yake anakufa na watu mia na arobaini wanajua nani wa kumlaumu. Akininyamazia, uongo ni wetu wawili, na ile karatasi ambayo wenzake kikaoni walimtuma aje nayo kuniuliza itabidi awaeleze waliomchagua kwa nini ameificha.

Akaikunja karatasi mara mbili, polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta. Alinichukia wakati ule kuliko binadamu yeyote, na mimi niliona haki yake.

Halafu akamshika kaka yake begani.

"Mdogo wangu," akasema, "nisikilize vizuri."

(Itaendelea)